Barua ya Wallace na Midomo ya Chiriku

Julai 1866, Alfred Russel Wallace alimwandikia Charles Darwin barua ya kirafiki iliyobeba lawama. Alikuwa amesoma kitabu cha Mfaransa Paul Janet, aliyedai kwamba uteuzi asilia wa Darwin haukamiliki bila akili ya kuuongoza. Wallace hakumlaumu Janet sana. Ukisema "uteuzi", watu watamtafuta mteuzi. Akamshauri mwenzake atumie maneno ya mwanafalsafa Herbert Spencer ya mwaka 1864: kusalimika kwa wanaofaa zaidi. Katika nakala yake mwenyewe ya kitabu cha Darwin cha 1859, Wallace alipiga mstari juu ya "uteuzi asilia" na kuandika pembeni maneno ya Spencer.

Darwin alijibu ndani ya siku chache. Hoja aliikubali, ila akaja na pingamizi la kisarufi: maneno ya Spencer hayawezi kuwa kiima cha sentensi. Uteuzi huhifadhi, huondoa, hurekebisha. Kusalimika hakutendi lolote. Kwangu mimi, hapo ndipo Darwin alipofichua ugonjwa wenyewe bila kukusudia, maana kiima kinachotenda sana huota kichwa na nia akilini mwa msomaji. Hata hivyo, toleo la tano la 1869 liliyaweka majina yote mawili katika kichwa cha sura ya nne.

Wallace alikuwa ameziba shimo moja na kuchimba jingine. Wapinzani waliuliza: nani husalimika? Anayefaa. Nani anafaa? Aliyesalimika! Mwanafalsafa Karl Popper naye aliwahi kuiona nadharia ya uteuzi asilia kuwa karibu na mzunguko mtupu, hadi 1977 alipotangaza, katika mhadhara huko Cambridge, kwamba amebadili mawazo.

Mwaka huohuo ukame uliikumba Daphne Major, kisiwa kidogo cha Galápagos ambako Peter na Rosemary Grant na wenzao walikuwa wakiwachunguza chiriku. Mbegu ndogo laini zikaisha, zikabaki ngumu, zikiwemo za mbigili, na chiriku wengi wakafa. Waliopona walikuwa hasa wenye midomo minene, na vifaranga vyao vikairithi. Jibu kwa wapinzani limo katika mpangilio wa kazi ile: ndege walivishwa pete na kupimwa midomo kabla ya ukame. Kufaa kulikuwa na milimita zake daftarini, na nguvu ya mdomo mnene kupasua mbegu ngumu ingeweza kuchunguzwa bila kusubiri kuhesabu maiti.