Nani Aandikwe Chini ya Picha

Maonyesho ya kwanza ya watu wenye maradhi ya akili hayakuwa na picha hata moja. Waliotazamwa walikuwa watu wenyewe. Katika karne ya 17 na ya 18, hospitali ya Bethlem jijini London, ambayo historia yake inaanzia mwaka 1247, iliwafungulia milango wageni waliotaka kupita wodini na kujionea "vichaa". Palikuwa na sanduku la sadaka, maana hospitali ilihitaji fedha na umma ulihitaji kichekesho, na siku za sikukuu watu walifurika. Mchoraji William Hogarth hakulifumbia macho jambo hilo. Katika chapa ya mwisho ya mfululizo wake A Rake's Progress wa mwaka 1735, mabibi wawili wa kitajiri wamesimama katikati ya wodi, mmoja na upepeo mkononi, wakitazama mateso ya wenzao kama waliokuja ngomani. Mwaka 1770 uongozi wa hospitali ulizibana ziara hizo. Hamu ya kutazama ilibaki palepale, ikatafuta kitu kingine cha kukitazama.

Ikakipata kwenye karatasi. Richard Dadd alikuwa kijana mwenye sifa miongoni mwa wachoraji wa London aliporudi safari ya Misri na Shamu mwaka 1843, akamuua baba yake akiamini ni shetani aliyejigeuza. Mwaka 1844 alifungiwa Bethlem, na humo ndani alichora kwa miaka kama tisa picha moja ndogo iliyosheheni majani, mbegu na viumbe vya kichawi, The Fairy Feller's Master-Stroke. Alikuwa akimchorea ofisa wa hospitali. Alipohamishiwa hospitali ya Broadmoor mwaka 1864 aliiacha bila kuimaliza, na leo iko katika makumbusho ya Tate. Dadd tunamjua kwa jina kwa sababu alikuwa nalo kabla ya kuugua. Wengine waliochora katika wodi za karne hiyo hawakuwa na bahati hiyo: kazi zao ziliingia kwenye mafaili ya madaktari, pembeni zikaandikwa ugonjwa na namba. Bethlem ilipoonyesha michoro ya wagonjwa mwaka 1900, na Dk. Auguste Marie alipofungua makumbusho yake madogo katika hospitali ya Villejuif karibu na Paris mwaka 1905, mtazamaji alialikwa kusoma dalili. Mchoro ulikuwa sawa na kipimo cha mkojo.

Aliyevunja desturi hiyo nusunusu alikuwa Hans Prinzhorn. Alikuwa amesomea historia ya sanaa kabla ya kuwa daktari, na mwaka 1919 aliingia kliniki ya magonjwa ya akili ya Heidelberg, Ujerumani, akaandikia hospitali nyingine kuomba kazi za wagonjwa wao. Kwa muda mfupi alikusanya maelfu: michoro kwenye karatasi za chooni na bahasha zilizotumika, sanamu za mbao, barua zilizoandikwa juu ya barua mpaka ukurasa ukawa mweusi. Humo mna koti la Agnes Richter, fundi cherehani wa Dresden, aliyelishona mwenyewe katika miaka ya 1890 na kulitarizi maneno ndani na nje. Mengi yamefifia au yameshonewa ndani, yakasuguana na ngozi yake mpaka hayasomeki. Mimi sijui mavazi mengine yaliyobeba wasifu wa mvaaji kwa namna hiyo, wala sioni haja ya daktari kunifasiria.

Kitabu cha Prinzhorn kilitoka mwaka 1922. Msanii Max Ernst alikipeleka Paris, na wasanii wa huko wakakipitisha mkono kwa mkono. Ndani yake Prinzhorn aliwachambua wagonjwa kumi kama mtu anavyochambua mabingwa, jambo ambalo halikuwahi kufanyika kwa upana ule. Lakini aliwapa majina ya bandia. Franz Karl Bühler akaitwa Pohl, Karl Genzel akaitwa Brendel, August Natterer akaitwa Neter. Sababu ilikuwa siri ya tiba, na sababu hiyo si ya kudharauliwa, kwani familia zilikuwa na aibu na majirani walikuwa na ndimi. Hata hivyo mwaka mmoja kabla, mjini Bern, Dk. Walter Morgenthaler alikuwa amechapisha kitabu kizima juu ya mgonjwa wake wa hospitali ya Waldau, Adolf Wölfli, akamtaja kwa jina lake halisi. Wölfli, aliyekuwa kibarua wa mashambani, aliandika na kuchora kurasa zipatazo 25,000. Leo anajulikana kuliko wote, na naamini kurasa zile peke yake zisingetosha kumfikisha hapo. Asiye na jina hawezi kuwa na wasifu, na soko la sanaa hununua wasifu pia.

Kisa cha Bühler ndicho kinachouma zaidi. Alikuwa mhunzi wa sanaa za chuma, hodari kiasi kwamba kazi zake zilipelekwa kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago mwaka 1893, na alifundisha katika shule ya sanaa za ufundi mjini Strasbourg. Mwaka 1898 alilazwa, na hakutoka tena kuishi huru. Prinzhorn alipouona mchoro wake wa malaika mwenye upanga, aliulinganisha na kazi za mabwana wakubwa wa Ujerumani. Basi mtu aliyewahi kuonyeshwa Chicago kwa jina lake akaonyeshwa duniani mara ya pili kwa jina la kubuni, kama mgonjwa aliyejaliwa kipaji cha ajabu. Ufundi wake wa miaka mingi ukafutika, ukahesabiwa kuwa tunda la wazimu.

Tarehe 19 Julai 1937, mjini Munich, Wanazi walifungua maonyesho waliyoyaita ya "sanaa iliyoharibika". Zaidi ya watu milioni mbili waliyaona katika mji huo pekee. Waliodhihakiwa walikuwa wasanii wa kisasa, akina Klee, Kokoschka na Nolde. Maonyesho yalipohamia miji mingine, kuanzia Berlin mwaka 1938, mkuu wa kliniki ya Heidelberg, Carl Schneider, aliazima kazi kutoka mkusanyo wa Prinzhorn. Zilitumika kama ushahidi: huyu kichaa na huyu msanii, nani anajua tofauti? Sanamu za Kiafrika nazo zilikuwa zimeshaingizwa katika hoja hiyo hiyo, kwamba vichaa, watoto na "washenzi" huchora kwa akili moja.

Dhihaka ilifuatwa na mauaji. Kati ya Januari 1940 na Agosti 1941 mpango uliojulikana baadaye kama T4 uliua kwa gesi wagonjwa na walemavu zaidi ya 70,000. Schneider alikuwa miongoni mwa madaktari walioamua nani afe. Katika ngome ya Grafeneck waliuawa 10,654 mwaka 1940 peke yake, na Machi mwaka huo Bühler alikuwa mmoja wao. Mchoraji Elfriede Lohse-Wächtler, aliyechora nyuso za wagonjwa wenzake kwa upole nisiouona katika picha yoyote ya daktari, aliuawa katika kituo kingine cha mpango huo, Pirna-Sonnenstein, mwaka huohuo.

Baada ya vita, Ulaya iliwarudia wasanii hawa kupitia mfanyabiashara wa mvinyo aliyegeuka mchoraji, Jean Dubuffet. Kuanzia mwaka 1945 alizunguka hospitali za Uswisi na Ufaransa akikusanya kazi alizoziita Art Brut, na mwaka 1949 akazionyesha Paris katika jumba la René Drouin. Mkusanyo huo uliishia Lausanne, ambako makumbusho yalifunguliwa mwaka 1976. Dubuffet alikataa kabisa kwamba kuna sanaa ya vichaa, na kwa hilo anastahili heshima. Ila aliwapenda watu hawa mradi wabaki nje. Alitaka wasiguswe na shule wala makumbusho. Ni pongezi yenye ukuta ndani yake, na ukuta huo umedumu. Mpaka leo kuna minada na majumba yanayouza "sanaa ya watu wa nje" na kupandisha bei kwa kadiri ya upweke wa aliyeitengeneza.

Kwa maoni yangu hatua kubwa zaidi ilichukuliwa mbali na Paris, katika kitongoji cha Engenho de Dentro, Rio de Janeiro. Nise da Silveira alikuwa daktari wa kike aliyewahi kufungwa kwa siasa zake katika miaka ya 1930. Aliporudishwa kazini alikuta wenzake wanasifu mshtuko wa umeme na upasuaji wa kukata neva za ubongo, akakataa vyote. Wakampa idara isiyotakiwa na mtu, ya kuwashughulisha wagonjwa na usafi. Mwaka 1946 aliigeuza studio, akisaidiwa na msanii kijana Almir Mavignier. Hakupenda neno "wagonjwa", akawaita wateja wake. Aliwaachia mbwa na paka wapite kati ya meza za rangi, akiamini mnyama humrudisha mtu kwenye mapenzi kabla ya maneno. Kazi zao zilionyeshwa mwaka 1947, na mwaka 1949 wasanii tisa wa hospitali hiyo waliingia Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya São Paulo. Mhakiki Mário Pedrosa alizipigania gazetini kama sanaa kamili. Mwaka 1952 Nise alianzisha hapo hospitalini Makumbusho ya Picha za Moyo Usiofahamika, ambayo yapo hadi leo.

Mwaka 1949 huohuo Tuzo ya Nobel ya tiba ilikwenda kwa Egas Moniz, mwasisi wa upasuaji ule ule alioukataa Nise. Na mwaka 1953 J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari jijini Nairobi tangu 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani akimfananisha Mwafrika mzima wa afya na Mzungu aliyekatwa neva za ubongo. Yaani kwa sayansi ile sisi sote tulikuwa wodini. Ndiyo maana naona ugumu kucheka mtu anapotukanwa barazani kwamba apelekwe Mathari au Mirembe.

Brazil ilimtoa pia Arthur Bispo do Rosário, Mwafrika-Mbrazili aliyekuwa baharia na bondia. Mwaka 1938 alipata maono kwamba ametumwa kuorodhesha vitu vyote vya duniani ili aviwasilishe kwa Mungu siku ya hukumu. Alitumia miaka mingi katika Colônia Juliano Moreira akifumua sare za buluu za hospitali kupata uzi, akitarizi bendera, meli na majina ya watu. Joho alilokusudia kulivaa siku hiyo ya mwisho limejaa majina kwa ndani. Hakujiita msanii, alikuwa na kazi aliyoagizwa. Alifariki mwaka 1989, na mwaka 1995 kazi zake zikaiwakilisha nchi yake katika Biennale ya Venice. Hapa nasita. Vitu vilivyoandaliwa kwa ajili ya Mungu vimetundikwa mbele ya watalii, na mwenyewe hakuulizwa.

Nchini Austria, Dk. Leo Navratil wa hospitali ya Gugging alianza kama Prinzhorn: mshairi Ernst Herbeck alichapishwa kwa jina la Alexander. Baada ya maonyesho ya Vienna mwaka 1970 majina ya kweli yalianza kujitokeza, na mwaka 1981 wachoraji akina Johann Hauser walipata nyumba yao ya kuishi na kufanya kazi. Mwaka 1990 walitunukiwa tuzo yenye jina la Oskar Kokoschka, mchoraji yule yule ambaye Wanazi walitumia picha za wagonjwa kumtukana.

Mkusanyo wa Heidelberg ulifungua makumbusho yake mwaka 2001, katika ukumbi wa zamani wa mihadhara wa hospitali ya chuo kikuu cha mji huo. Wapo waliopinga. Dorothea Buck alikuwa mchongaji wa sanamu, na mwaka 1936, akiwa na umri wa miaka 19, alifungwa kizazi bila ridhaa yake katika taasisi ya Kikristo ya Bethel. (Bethel hiyo ndiyo iliyopeleka wauguzi Lutindi, Usambara, ambako hospitali ya kwanza ya akili ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ilianza mwaka 1904.) Buck alishiriki kuasisi chama cha watu waliopitia hospitali za akili mwaka 1992, na kundi lililomwunga mkono lilidai kazi hizo zihamishiwe Berlin, mahali ambapo mauaji ya T4 yalipangwa, zitoke mikononi mwa madaktari. Walishindwa. Hoja yao haijajibiwa: waliochora hawakutoa kazi hizo kama zawadi.

Kizazi cha sasa kimeanza kwingine, kwenye studio badala ya wodi. Creative Growth ilianzishwa California mwaka 1974 kwa ajili ya wasanii wenye ulemavu, wakati hospitali kubwa za jimbo zilipokuwa zikipunguza wagonjwa. Huko ndiko alikofika Judith Scott, aliyezaliwa mwaka 1943 na hali ya Down, akawa kiziwi bila mtu kugundua, akakaa katika taasisi za Ohio tangu utotoni mpaka pacha wake Joyce alipomtoa. Alifunga vitu kwa nyuzi mpaka visitambulike, na mwaka 2014 Brooklyn Museum ilimpa maonyesho ya peke yake. Wakati huohuo watu wenye usonji walikuwa wameshaanza, tangu miaka ya 1990, kudai kwamba bongo hutofautiana kama sura na kwamba tofauti si lazima ipelekwe kwa daktari.

Desemba 2025, mjini Bradford, Tuzo ya Turner ya sanaa ilikwenda kwa Nnena Kalu, aliyezaliwa Glasgow mwaka 1966 na wazazi kutoka Nigeria. Ana usonji, ana ulemavu wa ujifunzaji, na maneno yake ni machache. Ndiye wa kwanza wa hali yake kuipata. Anazungushia kamba, plastiki na mikanda ya kaseti za video mpaka kinatokea kitu kinachoning'inia kwa uzito wa kiumbe hai, na michoro yake ya mizunguko huja kwa jozi, mkono ukirudia njia ileile bila kuifuata kabisa. Wapo waliodai kwamba majaji walimwonea huruma. Waende wakazitazame jozi zile.

Jukwaani aliyesema kwa niaba yake alikuwa msaidizi aliyefanya kazi naye kwa miaka mingi katika shirika la ActionSpace, ambako Kalu amekuwa tangu 1999. Swali la ridhaa liko hapo: nani anajua kwamba kazi imekwisha, nani anakubali iuzwe, na kwa bei gani? Bühler alisemewa na daktari aliyemwona kama kisa. Kalu anasemewa na mtu aliyesimama kando yake akimpa tepu na kungoja aamue lini atosheke. Ni ujuzi unaochukua miongo, mishahara na chumba kikubwa chenye mwanga, na maombi ya ruzuku lazima yaandikwe upya kila mara.