Shujaa au Mchawi? Wanawake wa Singida na Jina Walilopewa

Ukifika Kilimatinde leo, kule Manyoni mkoani Singida, unaweza kuona ni mji mdogo tu uliopoa. Lakini kabla reli haijaipaisha Dodoma, hapa ndo palikuwa na boma la Wajerumani tangu miaka ya 1890, moja ya vituo vyao vikubwa huku katikati ya nchi.

Kaskazini ya boma hilo, kwa Wanyaturu, wazee wanasimulia habari za mwanamke aliyeitwa Liti. Mapema miaka ya 1900 Wajerumani walipokuja na bunduki, yeye inasemekana aliwatumia nyuki, jeshi likatimua mbio. Mwisho wakamkamata, wakamuua. Leo uwanja wa mpira Singida, ule uliokuwa Namfua, unaitwa Liti.

Sasa jiulize: mwanamke anayetuma nyuki kwa maneno tu, angefanya hivyo kwa jirani yake badala ya Mjerumani, angeitwaje? Shujaa? Thubutu!

Na jibu lipo hapohapo Singida. Kati ya 1946 na 1948 makumi ya watu waliuawa, na miili ikakutwa na majeraha kama ya makucha. Watu wakasema ni watu-simba: vijana waliovishwa ngozi ya simba na kutumwa kuua. Wenye kuwamiliki na kuwatuma? Mara nyingi walitajwa wanawake. Serikali ya Mwingereza ikakamata, ikashtaki, ikanyonga, na kati ya walionyongwa wanawake walikuwamo.

Kwa nini wao? Angalia maisha yenyewe. Mke wa Kinyaturu alitoka ukoo mwingine akaja kuishi kwa ukoo wa mume. Ndiye aliyelima, ndiye aliyepika, ila mwenye ng'ombe na mwenye kauli ni mwanaume. Yaani unakula kila siku mkononi mwa mtu unayemwona mgeni, na moyoni unajua humtendei haki. Hapo hofu haikosi, na hofu ikikosa ushahidi inatafuta jina. Jina likawa mchawi.

Usidhani mambo hayo yaliisha na mkoloni. Kati ya 1970 na 1984, watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, na 2,286 kati yao ni wanawake. Wengi walikuwa Usukumani, na wengi ni vikongwe. Kosa lao? Macho mekundu! Bibi kapuliza moto wa kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini, akiwapikia watoto na wajukuu, halafu macho yaleyale yaliyoungua na moshi yanageuzwa ushahidi wa kumkata mapanga.

Na mara nyingi ukichimba chini unakuta shamba. Mume kafariki, mjane kabaki na eka zake, ndugu wanazitolea macho. Kumshtaki mahakamani ni gharama na anaweza kushinda. Kumwita mchawi ni bure.

Sheria ya Uchawi ya 1928 ipo mpaka leo, na inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumhamisha mtuhumiwa. Mnaona? Anayefungasha virago ni bibi. Waliomnyooshea kidole wanabaki, na shamba linabaki nao.

Liti ana uwanja, watu wanapiga kelele za goli jina lake likiwa getini. Wale bibi wa Usukumani hawana hata kibao. Wote waliaminiwa kuwa na nguvu zilezile. Tofauti ni kwamba mmoja nguvu zake zilielekezwa kwa adui wa wote, na wengine walikuwa peke yao, wazee, na kitu ambacho mtu alikitaka.

Kwa hiyo siku nyingine ukisikia mtaani "yule bibi sio mtu mzuri", kabla hujaforwadi, uliza swali moja tu: shamba lake liko wapi, na nani analitaka?