Mpaka Uliofungwa: Kenya na Tanzania, 1977–1983

Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya Februari 1977, ikaufungua Novemba 1983. Kwa karibu miaka saba, nchi zilizokuwa na reli moja, posta moja na shirika moja la ndege ziliishi kama majirani wasioombana hata chumvi.

Ugomvi ulikuwa wa siku nyingi. Viwanda vingi vya enzi ya ukoloni vilijengwa Kenya, na mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1967 ulijaribu kusawazisha mambo kwa kodi ya uhamisho: nchi iliyopungukiwa katika biashara na mwenzake iliruhusiwa kutoza kodi hiyo bidhaa za viwandani zilizotoka kwa mwenzake huyo. Haikutosha. Tanzania ilishika ujamaa, Kenya ikashika ubepari, na magazeti ya Dar es Salaam yakawaita mabepari wa Kenya manyang'au. Mwanzoni mwa 1977 shirika la ndege la pamoja lilikwama kwa madeni, Kenya ikaanzisha lake. Tanzania ilijibu kwa kufunga mpaka na kuzuia magari na ndege zilizokutwa nchini. Kufikia katikati ya mwaka Jumuiya ilikuwa imekufa.

Utalii ulionyesha hasara hiyo waziwazi. Kabla ya hapo mgeni alitua Nairobi, akapanda basi dogo la kampuni ya Kenya, akavuka mpaka Namanga kwenda Ngorongoro na Serengeti, kisha akarudi Kenya kupitia lango la Bologonja hadi Masai Mara. Tanzania ililalamika kwamba barabara zake zinachakaa huku fedha zikibaki Nairobi. Ilitarajia wageni watatua moja kwa moja Kilimanjaro, kwenye uwanja wa ndege uliofunguliwa 1971. Wengi hawakuja. Waliishia Mara na Amboseli, na hoteli za kaskazini mwa Tanzania zikabaki na vitanda vitupu.

Kenya nayo ilipoteza soko la jirani pamoja na njia ya malori ya kwenda Zambia. Reli ya Voi hadi Kahe, iliyojengwa na jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ilikatika mpakani.

Gharama nyingine ilikuwa ya kununua kila kitu mara mbili. Kila nchi ililazimika kuunda shirika lake la ndege, la reli na la bandari, lenye wakurugenzi, karakana na vipuri vyake. Biashara yenyewe haikufa, bali ilihamia kwenye magendo, ambako haikulipa ushuru. Vita vya Kagera na bei ya mafuta viliongeza uhaba Tanzania, na walanguzi wakapata soko la sabuni na mafuta ya kupikia.

Mgawanyo wa mali ya Jumuiya iliyokufa ulisuluhishwa na Victor Umbricht, mwanadiplomasia wa Uswisi. Katika makubaliano ya Mei 1984, Kenya ilipewa asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda, mwanachama wa tatu, 26. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini Arusha Novemba 1999, na malori yakarudi Namanga kwa wingi. Lango la Bologonja halikufunguliwa tena kwa watalii; anayetoka Serengeti kwenda Mara kwa gari huzunguka hadi mpaka wa Sirari au Namanga.