Miraa, muguka na jicho la eksirei

Miraa ya Meru na muguka wa Embu ni mmea mmoja, Catha edulis, ulioelezwa na Peter Forsskål katika kitabu kilichochapishwa 1775, miaka kumi na miwili baada ya yeye mwenyewe kufia Yemen. Mchuuzi wa mji wa Maua, Meru, hana haja na jina hilo. Miraa huuzwa vijiti, na mlaji hubambua ganda laini la chipukizi. Muguka wa Mbeere, huko Embu, hutafunwa majani. Kifungu cha vijiti huitwa kilo, ingawa mizani haihusiki.

Kemia ilichelewa. Wanasayansi wa Ulaya walichunguza majani yaliyokauka, wakapata kathini, kichangamshi hafifu kisichotosha kueleza handasi, yaani msisimko wa mlaji. Mwaka 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya ilipima majani mabichi na kugundua kathinoni. Jani likinyauka, kathinoni hugeuka kathini. Wakulima wa Igembe, Meru, walikwisha kulijua hilo kwa ulimi: miraa hufungwa kwa majani ya mgomba, na pikapu za kwenda Nairobi hazijulikani kwa mwendo wa taratibu.

Eksirei iliingia katika msako wa dawa za kulevya kwa mlango mwingine. Mwaka 1973 madaktari wa Toronto walieleza habari za mgonjwa aliyezibwa utumbo na kondomu ya hashishi aliyoimeza. Tangu hapo picha za tumbo zimekuwa kawaida kwa washukiwa waliomeza pakiti. Skani ya CT iliongeza kipimo cha msongamano, na watafiti wakatumaini kuitenga heroini na kokeini. Lakini poda ikishindiliwa au kuchanganywa, namba hubadilika. Picha huonyesha pakiti ilipo. Kilichomo huthibitishwa maabara.

Miraa haimezwi kwa pakiti, husafiri kwa marobota. Mashine ya uwanja wa ndege huipaka rangi ya chungwa, rangi ileile ya mboga. Uholanzi ilipoipiga marufuku 2013, na Uingereza Juni 2014, forodha za huko zililazimika kufungua mzigo ili kuitambua.

Mei 2024 Mombasa ilipiga marufuku muguka, si miraa. Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha agizo hilo. Maabara ingekuta kathinoni katika vyote viwili, kwa hiyo mkaguzi wa barabarani angebaki na kipimo cha mchuuzi wa Maua: kijiti au jani.