Meli, Stima na Karabai: Maneno Yaliyotua Ziwani

Kiingereza kina tabia inayomtaabisha kila ajifunzaye: neno jepesi, la kila siku, hubeba maana zisizojuana. Neno "mail" lilianza kuwa mfuko katika Kifaransa cha kale, kisha likawa barua zichukuliwazo mfukoni humo. Walakini neno liandikwalo vivyo hivyo ni pia vazi la vita lililofumwa kwa pete za chuma, na huko Uskoti lilikuwa kodi.

Watu wa Afrika Mashariki hawakuzipokea maana hizo zote, bali waliitwaa ile iliyoletwa mbele yao na kazi. Tangu mwaka 1872, marikebu za moshi za kampuni ya British India zilikuwa zikichukua barua kati ya Aden na Unguja. Na jina la shehena ile likahamia kwenye chombo chenyewe, kikaitwa meli. Neno "steamer" nalo, ambalo kwa Waingereza ni chombo kiendeshwacho kwa mvuke, likazaa stima, na leo nchini Kenya stima ni umeme.

Katika Ziwa Victoria meli ilikuja kwa njia ya reli. Njia ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, vipande vya vyombo vililetwa kwa mabehewa vikaunganishwa ufukoni, na miongoni mwa vyombo vya mwanzo ilikuwamo Winifred. Mwanza, iliyowekwa boma na Wajerumani mwaka 1892, haikuwa na reli yake hata mwaka 1928, ilipofika ile ya kutoka Tabora; kwa hiyo kwa miaka mingi ngozi, mchele, karanga na pamba za Usukuma zilivuka maji hadi Kisumu ndipo zikashuka Mombasa. Kwa mchukuzi aliyepanda ubao na mtumba wa ngozi begani, meli ilikuwa shehena na ujira, wala barua hazikuwamo tena katika neno hilo.

Karabai, taa ya wavuvi, ina habari kama hiyo. Jina lake latokana na "carbide", dawa ambayo ikikutana na maji hutoa gesi iwakayo. Lakini jina likabaki hata taa ilipokuwa ya mafuta na pampu. Usiku wa kiza, mwezi usipokuwapo, wavuvi huziwasha karabai juu ya maji, dagaa wakakusanyika chini ya nuru, na nyavu zikawazingira. Kwao karabai si dawa ya maabara. Ni riziki ya watoto.

Kisha tarehe 21 Mei 1996 meli ya abiria MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, wakafa nayo mamia ya watu, na wengi wakazikwa Igoma. Tangu siku hiyo, kwa jamaa nyingi za Mwanza na Bukoba, neno meli limebeba pia msiba, maana ambayo hakuna Mwingereza aliyeliwekea.

Basi aandikaye kamusi yetu asitosheke kutaja kwamba neno fulani asili yake ni Kiingereza, kana kwamba kazi imekwisha. Asili ni haki yake kutajwa, lakini maana ni mali ya waliolitumia. Na ilivyo insafu ni kuwauliza wachukuzi wa gatini, wavuvi wa dagaa na wafiwa, kisha kuyaandika majibu yao pamoja na miaka yake, maadamu wenye kukumbuka wangali hai.