Kunakili Picha na Kunakili Maneno

Julius Nyerere wa Butiama, aliyeanza masomo katika shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alifika Makerere mwaka 1943. Chuoni humo Margaret Trowell, bibi wa Kiingereza, alikuwa akifundisha uchoraji tangu mwaka 1937, darasa lililoanzia barazani pa nyumba yake. Nyerere hakuwa mchoraji. Walakini swali lililozunguka darasa lile ndilo alilokuja kulijibu kwa kalamu miaka 20 baadaye: anayenakili kazi ya mgeni hujifunza, au hupotea?

Trowell alichelea kwamba hupotea. Aliwasimulia wanafunzi kisa, kisha akawaacha wakichore kama walivyokiona moyoni. Picha za Ulaya hakupenda wazitazame na kuziiga. Nia ilikuwa njema. Lakini yeye mwenyewe alifunzwa katika shule ya Slade, London, na mlango alioupitia aliwafungia wengine kwa kuwahurumia. Alipostaafu mwaka 1958, Cecil Todd aliyemfuata aliufungua, akafundisha historia ya sanaa ya Ulaya.

Huko Ulaya kunakili kulikuwa shule kamili. Degas aliandikishwa mwaka 1853 kuwa mnakili katika jumba la Louvre, Paris, akarudia kazi za mabingwa wa kale. Mwaka 1874 akaonyesha picha zake pamoja na wale walioitwa Waimpreshenisti. Naye sasa hunakiliwa. Mtu akishika rangi za mafuta kufuata picha yake ya wasichana wanaofundishwa kucheza ukumbini, hugundua kwamba sehemu kubwa ya picha ni sakafu tupu, na kwamba sakafu hiyo ndiyo iwatengayo walio karibu na walio mbali. Hugundua pia kuwa kivuli si cheusi: kina ukijani, kina ubuluu, kulingana na nuru iliyo kando yake. Rangi ya mafuta haina haraka ya kukauka. Aliyekosea huikwangua akaanza tena, na katika kukwangua huko mkono hujua jambo ambalo jicho lilidhani limekwisha kulijua.

Haya ni kwa aliyesimama mbele ya picha yenyewe. Mwanafunzi wa Musoma au Bunda aghalabu hupata picha iliyochapwa kitabuni, iliyolainishwa, isiyo na unene wa rangi, wala haionyeshi ni rangi ipi iliyotangulia kupakwa. Huyo hunakili kivuli cha picha, na hasara hiyo hofu ya Trowell haikuitaja.

Elimo Njau wa Marangu, mwanafunzi wake Trowell, aliikaza hofu hiyo ikawa kama imani: alifundisha kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Hata hivyo, kutani mwa kanisa la Murang'a alichora maisha ya Yesu, habari iliyochorwa Ulaya kwa karne nyingi, akaiweka katika nchi ya Wakikuyu. Naye Sam Ntiro wa Machame, aliyesoma Slade kuanzia mwaka 1952, hakurudi na macho ya London. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, ni ya Uchagani tupu, na imehifadhiwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, serikali ya Nyerere ilimpeleka London kuwa balozi wake.

Nyerere mwenyewe alimnakili Shakespeare. Tafsiri yake ya kwanza ilitoka mwaka 1963, nayo haikuwa na vina, jambo geni kwa masikio yaliyolelewa na mashairi ya pwani. Kwa kumfuata mgeni mstari kwa mstari, aliijaribu lugha yake mahali ilipokuwa haijajaribiwa sana. Wala hakuridhika. Mwaka 1969, mwaka uleule alipotoa Mabepari wa Venisi, aliirudia kazi ile ya kwanza akaitengeneza upya, hata jina akalibadili: ile iliyoitwa Julius Caezar ikawa Juliasi Kaizari.