Pangani: Mji, Mmea na Maneno

Mgeni azuruye Pangani, katika pwani ya Tanga, aghalabu huonyeshwa boma la kale na kusimuliwa habari za Abushiri bin Salim. Ni haki asimuliwe. Hapa ndipo ghasia zilipoanza Agosti 1888, Kampuni ya Kijerumani ilipoivunjia heshima bendera ya Sultani. Na hapa ndipo Abushiri aliponyongwa Desemba 15, 1889. Vita hivyo Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alivitungia Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Lakini iko historia ya pili ya mji huu, nayo ni historia ya mmea.

Mnamo 1893, Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza kutoka Florida miche 1,000 ya mmea ambao asili yake ni Mexico. Ilipitia Hamburg, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache yalienea mashamba yaliyoifanya Tanganyika, katika miaka ya 1960, kutoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka na kuongoza duniani.

Wanabotania waliuita mmea huo Agave sisalana, kwa kufuata jina la bandari ya Sisal iliyoko Yucatán. Waswahili hawakulihitaji jina hilo. Walikuwa tayari na neno mkonge, jina la mmea wa mwituni, wa jamii ya Sansevieria, ambao nyuzi zake zilisokotwa kamba. Mgeni akapewa jina la mwenyeji, na baada ya muda mwenyeji akasahauliwa. Nyuzi zenyewe nazo zikaitwa katani, neno la asili ya Kiarabu ambalo ni ndugu wa kitani.

Neno la tatu lina uchungu. Vibarua walioletwa mashambani kutoka bara waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Hapa lugha haikukipa kitu kigeni jina la kienyeji. Ilimvua mtu jina lake, ikampa tarakimu ya kigeni.

Kwa hiyo yatupasa mambo mawili. Kwanza, tukutapo neno mkonge katika maandishi yaliyotangulia 1893, tusidhani kwamba mwandishi alikuwa akiyaona mashamba ya Wadachi; alikuwa akiuona mmea mwingine. Pili, kamusi zetu zisitosheke na maana ya leo, bali zionyeshe na wakati maana hiyo ilipoingia. Abushiri anakumbukwa kwa utenzi. Manamba hawakuachiwa kumbukumbu kama hiyo, na kwa wengi wao lililosalia ni neno hilo moja. Tukilieleza kwa uvivu, tutakuwa tumewasahau mara ya pili.